Sheria ya Nusu

Kwanza niliseme hili mapema: mimi si bahili. Bahili ana chake na hataki kitoke. Mimi sikuwa na changu, ila hicho kidogo kilichopita mikononi mwangu nilikibana mpaka kikalia. Wapangaji wenzangu pale uani wakanibatiza Mama Nusu, na jina likanishika kuliko lile nililopewa na wazazi.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: kitu kikiingia, nusu itumike, nusu ingoje. Mche wa sabuni nilikuwa naukata vipande, naanika dirishani siku tatu, maana sabuni kavu haiyeyuki ovyo, kisha kila kipande nakigawa tena. Njiti ya kiberiti naipasua kwa wembe. Mkono ukitulia zinatoka mbili na zote zinawaka. Dawa ya meno ikidaiwa imeisha, nalichana bomba kwa mkasi, na humo ndani huwa mna ya siku nne nyingine, niamini. Maharage yakishachemka sawasawa naiepua sufuria, naifunga kwenye blanketi kuukuu, naitia ndani ya boksi na kwenda zangu kazini. Nikirudi yameiva yenyewe. Mkaa uliobaki naufunika kwenye kopo uzimike, uwake tena kesho. Sokoni naenda jioni, wauzaji wakianza kukunja magunia, maana saa hiyo hata nyanya inakubali maneno.

Mabinti wetu wawili wameshaolewa, kwa hiyo nyumbani tulibaki watatu: mimi, mume wangu na mama yangu mzazi. Mume wangu ni fundi rangi, mtu wa maneno mengi. Jioni moja alinitazama nikilikamua tambara la deki akasema, "Mke wangu, naona humu ndani tunapumua wote watatu kwa pamoja. Huoni ni hasara? Tupokezane." Nikamwambia aanze yeye kufunga mdomo, tutaokoa pumzi ya mwaka mzima. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Na mama ndiye aliyekuwa sababu ya yote hayo. Macho yake mawili yaliingia mtoto wa jicho, kidogo kidogo, mpaka mtu akisimama mlangoni anaona giza tu limeziba mwanga, anangoja sauti ndipo ajue ni nani. Mwanamke aliyetulea kwa cherehani, aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano huku anagombana na jirani, sasa anapapasa ukuta kwenda msalani. Iliniuma. Kila nilipomwona akinyoosha ule mkono kutafuta mlango, nilikuwa natafuta kitu kingine cha kubana.

Madaktari wa macho huja kwenye hospitali yetu mara moja kwa mwaka, wanakaa siku nne, wanaondoka. Nilijinyima miezi kumi na moja mpaka nikalipia nafasi yake, Alhamisi, siku yao ya mwisho. Kikabaki kikwazo kimoja tu, presha. Muuguzi alituambia bila kuzunguka: namba ya juu ikizidi mia moja na sitini, daktari hashiki kisu, uwe umelipa au hujalipa. Ukikosa, mpaka mwakani. Na kwa hali ya yale macho, mwakani ilikuwa mbali mno.

Wiki sita kabla ya siku yenyewe mama alipimwa, akakutwa na mia moja na tisini. Akaandikiwa vidonge, kimoja kila asubuhi. Nikavinunua siku hiyo hiyo, thelathini ndani ya kibahasha, nikamkabidhi, naye akavihifadhi chini ya mto wake. Wiki tatu baadaye tukarudi hospitali, roho yangu iko juu. Mia moja themanini na nane.

"Dawa anameza?" muuguzi akauliza.

"Kila siku," nikasema.

"Kila siku," mama naye akaitikia, ametulia tuli.

Tangu hapo raha ikanitoka. Sikukaa, sikulala, nikawa mtu wa kuzunguka. Presha gani hii inayokula dawa na haishibi? Nikaamua adui ni chumvi. Nikaiondoa jikoni yote, mume wangu akawa anakula huku anatazama sahani kwa huzuni kana kwamba amefiwa. "Mimi presha yangu iko wapi?" akauliza. Nikamwambia akiendelea kuuliza nitampatia.

Chumvi haikutosha. Nikaanza kuwashuku watu. Mlango wa mbele yetu anakaa msusi mmoja, mama wa watu, huwa anamketisha mama yangu kibarazani kwake wakipiga soga huku yeye anasuka wateja. Siku moja nilikuta maganda ya karanga chini ya kigoda cha mama. Damu ikanichemka. Nikamvamia msusi wa watu mbele ya mteja aliyesukwa upande mmoja, nikamuuliza kwa nini anamlisha mama yangu karanga za chumvi, anataka afe kipofu?

"Ebo!" msusi akasimama, kitana mkononi. "Mimi nimpe mtu chumvi? Hizo karanga zilichemshwa kwa maji matupu! Nilimwonea huruma tu, maana kwako wewe chumvi yenyewe inapiga hodi na bado haifunguliwi!"

Uani wote wakaangua kicheko. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, na hasira zangu zote nikazimalizia kwenye kusugua sufuria ambayo haikuwa chafu.

Kazini ndiko nilikochekesha zaidi. Ninashona sare za shule kwenye karakana ya cherehani sita, na kazi yangu ni mifuko na kola. Mguu unakanyaga kibao, akili iko kwenye mkono wa mama na ile mashine ya kupimia presha. Mkuu wetu wa karakana akaja na shati moja kalinyanyua juu, kila mtu aone. Mfuko wa kifuani nilikuwa nimeushona pande zote nne.

"Huyu mwanafunzi kalamu ataitia wapi?" akauliza. "Puani?"

Nikalifumua, nikashona upya. Ilipopita saa moja nikafunga mwingine.

Basi, Jumamosi ikafika, siku tano kabla ya Alhamisi. Tulitoka kazini mapema, na njia yangu hupita mbele ya duka la dawa. Mwenye duka si daktari, lakini wote tunamwita Dokta na yeye hajawahi kukataa. Akaniita kutoka nyuma ya kaunta.

"Mama Nusu! Umenihama siku hizi?"

"Nikuhame niende wapi, Dokta?"

"Basi umepata wapi dawa ya mama?" Akafungua daftari lake, akashusha kidole. "Ulichukua vidonge thelathini. Leo ni siku ya thelathini na saba. Nilidhani umehamia kwa yule wa kona."

"Zipo bado," nikamjibu. Na nitasema ukweli, nilimjibu kwa kujigamba.

"Zipo bado?" Dokta akavua miwani. "Zipo vipi, dada yangu? Kimoja kwa siku, thelathini, siku thelathini na saba. Zimezaana?"

Hapo ndipo nilipoiona hesabu yenyewe. Mtu anayehangaika asubuhi na jioni vitu visiishe, kitu kisipoisha hashtuki, anafurahi. Nilikuwa nimeuona ule mto wa mama kila siku, nimeutandika mimi mwenyewe, nimekishika kile kibahasha na kukisikia bado kina uzito, na moyoni nikasema, tazama, hata dawa imeanza kutii sheria yangu. Nilisema hivyo. Mimi huyu, mwenye akili zangu timamu.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Mama alikuwa ameketi kitandani na sinia mapajani, anachambua maharage kwa vidole, anatoa vijiwe kimoja kimoja. Nikauinua mto, nikakitwaa kibahasha, nikakimimina kwenye kiganja. Vidonge kumi na kimoja vizima. Na cha kumi na mbili kilikuwa nusu, kimevunjika vizuri katikati.

"Mama," nikasema, "hii dawa unaimezaje?"

"Kwa maji."

"Mama!"

"Unanifokea?" Uso wake ukageukia niliposimama, pembeni kidogo ya niliposimama. "Naimeza kama tunavyofanya kila kitu humu ndani. Ina mfereji katikati, ukiipapasa unausikia. Naiuma hapo, inakatika. Nusu leo, nusu kesho."

"Nani alikwambia ukate dawa?"

"Na wewe nani alikwambia ukate kiberiti?"

Nikabaki nimesimama, vidonge vinalowa jasho la kiganja.

"Ulisema sheria ni ya kila kitu na kila mtu," mama akaendelea, vidole vimerudi kwenye maharage. "Sikukusikia ukisema isipokuwa mama. Na kila kidonge hapa kinatoka kwenye mguu wako unaokanyaga cherehani kutwa nzima. Nikaona nikikipunguza mimi, hakuna atakayeumia."

"Wewe ndiye unayeumia! Macho yako ndiyo yanayoumia! Mwaka mzima najibana kwa ajili ya jambo moja, mama, moja tu, na wewe unaliharibu kwa meno!"

Nililia kwa sauti, sikujali uani wanasikia. Nilimkasirikia yeye, na kila neno la hasira lilipotoka nilijua linamwendea nani. Mume wangu aliingia na ndoo yake ya rangi, akatukuta hivyo, akaelezwa. Safari hii hakutania. Aliketi kizingitini akasema tu, "Tumebakiwa na siku tano. Leo hajameza kizima. Mpe maji."

Kuanzia hapo nikawa askari. Kila asubuhi nasimama mbele ya mama na kikombe, "Fungua mdomo. Meza. Inua ulimi nione."

"Hivi nilikuzaa mimi au ulinizaa wewe?" mama analalamika, lakini anainua ulimi.

Kwa msusi nilikwenda Jumapili, kichwa chini, kuomba radhi. Aliniacha nimesimama mpaka akamaliza mstari mzima wa nywele. Kisha akasema, "Yamekwisha. Lakini siku nyingine ukitaka kunitukana, ngoja mteja aondoke. Yule alisukwa upande mmoja akaenda zake na hajarudi." Nikamwahidi kumtafuta. Nilimtafuta kweli, Jumatatu, nikambembeleza mpaka akarudi, maana nilihitaji kufanya kitu, chochote, mikono isitulie. Jumanne nilifua mapazia. Jumatano nilianza kuyafua tena, mume wangu akayanyakua.

Alhamisi tulifika hospitali geti halijafunguliwa. Mume wangu alitufikisha, akakimbilia nyumba aliyokuwa anaipaka, kwa kuwa tajiri wake siku hiyo hakuwa na masihara. Ukumbi wa mapokezi ulijaa wazee, kila mmoja kabandikwa kipande cha plasta juu ya nyusi, upande wa jicho litakalopasuliwa. Mama hakubandikwa. Yeye alipelekwa kwanza kwenye chumba kidogo chenye kitanda, kiti na ile mashine.

Muuguzi alikuwa yule yule. Akafunga kitambaa mkononi mwa mama, kikajaa upepo, kikatoa. Mia moja sabini na mbili.

"Imeshuka," muuguzi akasema. "Lakini bado. Apumzike nusu saa, nitarudia. Daktari anafunga orodha saa sita. Isiposhuka, mwakani."

Nusu saa! Kwangu mimi hiyo ilikuwa nusu saa ya kufanya kazi. Nikafungua dirisha mama apate hewa. Nikaona upepo unampiga, nikalifunga. Nikamvua viatu. Nikamuuliza kama anasikia baridi miguuni, nikamvisha viatu. Nikampepea kwa risiti. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, avute pumzi, awaze mambo mazuri, asiwaze presha kabisa, unawaza presha, mama? Usiiwaze. Nikatoka kutazama saa ya ukutani, nikarudi kumwambia ni saa ngapi. Nikatoka tena.

Muuguzi akaja, akapima. Mia moja sabini na nane.

"Imepanda!" nikapiga kelele. "Sista, hiyo mashine ni nzima kweli? Mpime mkono mwingine. Mama, umewaza nini? Si nilikwambia usiwaze?"

Muuguzi alinitazama kwa utulivu, kisha akaitazama ile namba, kisha akanitazama tena.

"Dada, wewe ni nani wake?"

"Mimi ni binti yake."

"Nenda nje."

"Mimi?"

"Wewe. Niko hapa mlangoni muda wote nakuona. Ukitoka, bega lake linashuka. Ukirudi, anashika kitanda. Humu ndani hakuna mgonjwa wa kuhudumiwa na wewe. Nenda nje, usirudi mpaka nikuite."

Nikamgeukia mama anitetee. Mama yangu mzazi! Alinyoosha mkono, akanigusa kiwiko, akasema taratibu, "Nenda, mwanangu."

Nikaenda. Sijawahi kuaibika vile tangu nizaliwe. Nyuma ya jengo kuna bomba la maji, na lilikuwa linadondosha. Nikalikaza, likakataa. Nikatafuta ndoo, nikaikinga. Nikatazama matone. Nikajilazimisha kukaa kwenye ukuta mfupi, nikainuka, nikakaa. Nilijisemea kwamba miezi yote hii nilidhani nambeba mama, kumbe nilikuwa nimemkalia. Niliogopa. Niliogopa kwamba saa sita itafika, nitamshika mkono yule mwanamke nimrudishe nyumbani kwenye giza lake, na atanifariji mimi.

Maji yalikuwa yamekaribia ukingo wa ndoo muuguzi alipotokea kwenye kona. Nikainuka.

"Mia moja hamsini na sita," akasema. "Ameshabandikwa plasta, ameingia."

"Ameingia?"

"Ameingia. Alisinzia kidogo baada ya wewe kutoka, nikapima mara mbili kuhakikisha." Akasita, akatabasamu kidogo. "Ameniachia maagizo yako. Kasema nikwambie uende ukale."

"Nikale?"

"Kasema yeye haoni, lakini masikio yake ni mazima. Kasema kila jioni ukirudi kazini, tumbo lako linasikika kabla hujamsalimia. Anajua tangu mwanzo wa mwaka hujala mchana hata siku moja. Kasema ndiyo maana alikuwa akibakiza dawa, ili isinunuliwe nyingine upesi, na wewe upate cha kuweka tumboni. Mpaka anaingia ndani alikuwa ananishika mkono: hakikisha amekula."

Hilo nililiacha katika maelezo yangu yote haya. Sikulisema kwa sababu sikumwambia mtu yeyote, si mume wangu, si wenzangu wa karakana. Saa ya chakula walipokuwa wakitoka, mimi nilijidai namalizia kola, nikanywa maji. Miezi kumi na moja. Niliamini ni siri yangu peke yangu, na nilikuwa najivunia kwamba hakuna aliyeona.

Muuguzi akanishika bega. Akanielekeza kwa kidole, nje ya geti, kushoto, kuna mama anapika.

Nikaenda. Nikaagiza wali na maharage na mboga, nikaletewa sahani imejaa mpaka pembeni. Tonge la kwanza nililila huku nalia, mwenye kibanda akanisogezea maji bila kuuliza. Nikanywa, nikaendelea. Upande wa pili wa ukuta mama yangu alikuwa amelala chini ya taa, jicho limefunguliwa, na mimi nilikuwa nafanya jambo pekee aliloniomba. Nililifanya polepole, na sikuinuka mpaka nikamaliza.